Kakao na Neno Uhuru: Visiwa vya São Tomé na Príncipe katika Mizani ya Historia

Katika masomo yetu ya historia ya lugha, Afrika ya Magharibi hutajwa kwa nadra sana. Tukizungumzia utumwa, macho yetu huelekea Bagamoyo, Kilwa na Unguja. Tukizungumzia lugha zilizozaliwa kwa mkutano wa watu wa asili mbalimbali, mara nyingi twaishia kubishana juu ya Kiswahili chenyewe. Makala haya yanakusudia kuwapeleka wasomaji mbali kidogo, katika Ghuba ya Guinea, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Huko viko visiwa viwili, São Tomé na Príncipe, ambavyo eneo lake lote ni takriban kilomita za mraba 1,000. Ni nchi ndogo, lakini mwanzoni mwa karne ya ishirini ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kakao duniani, na kwa ajili yake lilizuka swali ambalo halijazimika hata leo: je, mtu anayenunua kitu kitamu anabeba sehemu ya dhambi ya namna kilivyolimwa?

Mwaka 2012 mwanahistoria Catherine Higgs alitoa kitabu kiitwacho Chocolate Islands, yaani Visiwa vya Chokoleti. Humo anafuata hatua kwa hatua safari ya Mwingereza mmoja, Joseph Burtt, aliyetumwa na kampuni ya chokoleti kwenda kuchunguza kama wafanyakazi wa mashamba ya kakao walikuwa watu huru au watumwa. Kabla yake, mwaka 2005, Lowell Satre alikwisha kuandika juu ya kesi iliyotokana na jambo hilo. Wataalamu wa lugha nao wamefanya kazi kubwa juu ya lugha za visiwa hivyo. Nimeona vema kuziweka tafiti hizi pamoja, kwa kuwa zinapokutana ndipo sisi walimu wa lugha tunapopata faida yetu.

Watu waliozaliwa na visiwa

Wareno walipofika huko, yapata mwaka 1470, visiwa vilikuwa havina watu. Hivyo kila aliyeishi humo baadaye aliletwa au alikuja. Wareno walileta walowezi, wahalifu waliohukumiwa, watoto wa Kiyahudi walionyang'anywa wazazi wao, na hasa Waafrika waliotekwa katika nchi za Benin, Kongo na Angola. Katika karne ya kumi na sita São Tomé ilisifika kwa sukari, na mashamba yake yakawa kielelezo cha yale yaliyoanzishwa baadaye Brazil. Uasi haukukosekana. Mwaka 1595 mtumwa aitwaye Amador aliongoza maelfu ya wenzake, akachoma viwanda vya sukari. Mwaka uliofuata akakamatwa na kuuawa. Leo taifa humkumbuka kwa jina la Mfalme Amador, na tarehe 4 Januari ni siku yake.

Katika mazingira hayo zilizaliwa lugha mpya. Waafrika wa lugha mbalimbali walilazimika kuelewana wao kwa wao na kuelewana na mabwana zao. Msamiati mwingi ukatoka katika Kireno, lakini sarufi na matamshi yakachukua sura nyingine kabisa, yenye alama za lugha za Benin na za Kibantu. Lugha za namna hii, zinapokuwa lugha za kwanza za watoto, wataalamu huziita krioli. São Tomé kuna Kiforro, ambacho wenyewe hukiita pia Santome, na Kiangolar. Príncipe kuna Lung'Ie, maana yake "lugha ya kisiwa". Na katika kisiwa cha Annobón, kilicho sehemu ya Guinea ya Ikweta, kuna ndugu yao wa nne, Fa d'Ambô.

Waangolar ni wavuvi wa kusini mwa São Tomé. Masimulizi husema kwamba mababu zao waliokoka meli ya watumwa ilipovunjika mwambani. Wanahistoria wengi huona kwamba walikuwa zaidi watumwa waliotoroka mashambani na kujijengea vijiji vyao msituni. Kwa vyovyote, lugha yao imehifadhi maneno mengi ya Kimbundu, lugha ya Angola, na hasa hesabu zao kuanzia nne kwenda juu ni za Kimbundu. Mwalimu wa Kiswahili asiyejua hata neno moja la Kimbundu atashangaa kusikia kwamba katika lugha hiyo tatu ni tatu, nne ni wana, na tano ni tanu. Bahari mbili na bara zima vimetutenga, lakini tukihesabu vidole twakutana.

Ajabu kubwa zaidi imo katika jina la Waforro. Tangu mapema katika karne ya kumi na sita, wanawake Waafrika waliozaa na walowezi, pamoja na watoto wao, walipewa hati ya kuachwa huru. Kwa Kireno hati hiyo iliitwa carta de alforria, na mtu aliyeachwa huru aliitwa forro. Sasa maneno hayo, alforria na forro, Wareno waliyapata kutoka kwa Waarabu waliotawala nchi yao kwa karne nyingi. Na shina lake ni lile lile la Kiarabu lililotupatia sisi huru na uhuru. Kwa hiyo Mforro wa São Tomé na mwananchi wa Afrika ya Mashariki aliyepandisha bendera ya uhuru wanatumia neno moja, lililozunguka bara la Afrika kwa njia mbili. Neno hili tulikumbuke, kwani ndilo kiini cha yote yanayofuata.

Kakao na kubadilika kwa majina

Sukari ilipohamia Brazil, visiwa vilidorora kwa muda mrefu. Katika karne ya kumi na tisa ikaja kahawa, kisha kakao, iliyoletwa kutoka Brazil. Udongo wa volkano na mvua nyingi viliupendeza mkakao. Wareno wakarudi kwa wingi, wakawanyang'anya Waforro ardhi yao kwa fedha, kwa hila na kwa nguvu, wakaanzisha mashamba makubwa yaitwayo roça, kila moja na nyumba ya bwana, hospitali, kanisa, reli ndogo, na mabanda marefu ya wafanyakazi.

Mashamba hayo yalihitaji mikono. Lakini mwaka 1875 utumwa ulifikia kikomo kisheria visiwani, na wale walioachwa huru walikataa katakata kurudi shambani. Waforro nao walikataa. Walikuwa tayari kulima viunga vyao, kufanya biashara, kuwa mafundi na makarani. Lakini kufanya kazi ya mkataba katika roça, kwao ilikuwa sawa na kuvua jina lao. Ndipo Wareno walipogeukia Angola. Huko watu walitekwa au kununuliwa bara, wakatembezwa hadi pwani, wakasimamishwa mbele ya afisa wa serikali aliyewauliza kama wamekubali, na wakaandikiwa mkataba wa miaka mitano. Kutoka hapo hawakuitwa tena escravos, watumwa. Waliitwa serviçais, yaani watumishi.

Walimu wenzangu, hapa pana somo la lugha. Kiswahili chetu kimetoa mtumwa, mtumishi na hata mtume katika shina moja la kutuma. Tofauti kati ya mtumwa na mtumishi haiko katika shina, bali katika hali: mmoja ana ruhusa ya kukataa na kuondoka, mwingine hana. Kwa kipimo hicho, makumi ya maelfu ya Waangola waliopelekwa visiwani walikuwa watumishi kwa jina tu. Mkataba ulikuwa na mwanzo, haukuwa na mwisho. Miaka mitano ilipotimia uliandikwa upya, na kwa miaka mingi karibu hakuna aliyerudi kwao. Sheria ya mwaka 1903 iliagiza sehemu ya mshahara iwekwe akiba kwa ajili ya safari ya kurudi. Lakini akiba bila meli na bila idhini ya bwana haimvushi mtu bahari.

Burtt, Cadbury na kesi ya Birmingham

Wakati huo kampuni ya Cadbury ya Birmingham ilinunua sehemu kubwa ya kakao yake São Tomé. Wenye kampuni walikuwa wa madhehebu ya Marafiki, waitwao pia Quaker, madhehebu yale yale ambayo wamisionari wake wa Kimarekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Marafiki walikuwa na sifa ya kale ya kupinga utumwa, na Cadbury walijulikana kwa kuwajengea wafanyakazi wao wa Uingereza kijiji kizuri cha Bournville. Mwaka 1901 William Cadbury alipata fununu ya mambo ya visiwani, na katika tangazo la kuuza shamba moja huko aliona wafanyakazi wameorodheshwa miongoni mwa mali, pamoja na bei yao. Wahenga wamesema, lila na fila havitangamani.

Alifanya nini? Hakuacha kununua. Aliona kwamba akiacha, wengine watanunua, naye atapoteza sauti yake mbele ya Wareno. Aliamua kwanza apate ushahidi. Ndipo mwaka 1905 akamtuma Joseph Burtt, baada ya kumpeleka Ureno kujifunza lugha. Burtt alikaa visiwani miezi kadhaa, akaenda Angola, na baadaye akafika Msumbiji na Transvaal ili alinganishe jinsi vibarua wa migodini walivyoajiriwa. Wakati yeye yuko njiani, mwandishi wa habari Henry Nevinson, aliyekwisha kuzuru Angola na visiwa, alichapisha mwaka 1906 kitabu alichokiita bila kuuma maneno A Modern Slavery, Utumwa wa Kisasa.

Higgs anaonyesha jinsi mawazo ya Burtt yalivyobadilika. Mwanzoni aliona mabanda, hospitali na chakula, akaona si mabaya sana. Kisha akaona idadi ya vifo, hasa Príncipe, kulikokuwa na ugonjwa wa malale. Akaona kwamba hakuna anayerudi nyumbani. Na huko bara ya Angola akaikuta njia yenyewe walikopitishwa watu. Taarifa yake ya mwaka 1907 ilithibitisha kwamba watu walichukuliwa bila ridhaa yao. Hata hivyo miezi ikapita katika barua na mashauri kati ya kampuni, serikali ya Uingereza na ile ya Ureno. Serikali ya Uingereza nayo ilikuwa na haja zake: ilihitaji vibarua kutoka Msumbiji ya Wareno kwa migodi ya dhahabu ya Transvaal, na haikutaka kuwaudhi.

Mnamo Septemba 1908 gazeti la Standard la London lilimshutumu Cadbury kwa unafiki: kwamba anawahurumia wafanyakazi wa Birmingham huku akitajirika kwa jasho la watumwa wa Afrika. Cadbury wakashtaki kwa kashfa. Machi 1909, kabla kesi haijasikizwa, wao pamoja na kampuni za Fry na Rowntree walitangaza kwamba hawatanunua tena kakao ya visiwa hivyo. Kesi ilisikizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka huo. Wazee wa baraza waliwapa Cadbury ushindi, lakini fidia waliyowakatia ilikuwa farthing moja, robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote. Maana yake ilieleweka na kila mtu: mmesingiziwa, lakini heshima mnayoidai thamani yake ni hiyo.

Kampuni zilihamishia ununuzi wao Gold Coast, Ghana ya leo, ambako wakulima wadogo wa Kiafrika walikuwa wakipanda kakao katika ardhi yao wenyewe. Kufikia mwaka 1911 Gold Coast iliongoza duniani. São Tomé haikuanguka mara moja, kwani wanunuzi wengine walikuwapo. Baadaye Wareno walianza kuwarudisha baadhi ya Waangola, na mahali pao wakaleta watu wa Cape Verde na wa Msumbiji. Kwa Waafrika wa Msumbiji, kutishiwa kupelekwa São Tomé ikawa adhabu ya kuogofya kwa miaka mingi.

Sauti isiyosikika mahakamani

Tukiisoma kesi ile kwa makini twaona pengo moja. Walisema mawakili, wenye kampuni, waandishi wa magazeti na wachunguzi. Hakuna mfanyakazi hata mmoja wa shambani aliyesimama kizimbani kueleza habari zake. Kila mtafiti anayeandika kutokana na nyaraka za Waingereza na Wareno anakabiliwa na pengo hilo: Burtt ana jina, ana barua, ana picha, serviçal ana namba katika orodha ya shamba.

Hapo ndipo utamaduni wa krioli unapotufaa kama ushahidi wa historia. Kukataa kwa Waforro kufanya kazi ya mkataba kulitafsiriwa na Wareno kuwa uvivu, na wasafiri wengi walirudia neno hilo. Lakini jina la watu wenyewe linatupa tafsiri nyingine. Mtu ambaye jina la kabila lake ni "huru" hakatai jembe. Anakataa banda, kengele ya alfajiri na mkataba usio na mwisho. Burtt alihitaji safari ndefu na taarifa ya kurasa nyingi kuthibitisha kwamba kazi ya roça ni utumwa. Waforro walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao kabla hajazaliwa mkakao wa kwanza ulionunuliwa na Cadbury.

Uko pia mchezo uitwao Tchiloli. Asili yake ni tamthilia ya Kireno inayohusishwa na mshairi Baltasar Dias wa Madeira, wa karne ya kumi na sita. Mwana wa mfalme mkuu Charlemagne amemuua mpwa wa Mtemi wa Mantua, na ndugu wa marehemu wanadai haki. Je, mfalme atamhukumu mwanawe mwenyewe? Watu wa São Tomé wameuchukua mchezo huu wakaufanya wao. Huchezwa uwanjani, kwa saa nyingi, wanaume wakicheza nafasi zote hata za wanawake. Filimbi na ngoma huongoza hatua. Mavazi ya kale huchanganyika na suti za mawakili, na simu na mashine ya chapa huonekana jukwaani pasipo mtu kushangaa. Mwishowe mfalme humhukumu mwanawe kifo. Si vigumu kufahamu kwa nini watu waliotawaliwa na magavana wasiohukumika wameupenda kwa vizazi vingi mchezo ambamo sheria inamfikia hata mtoto wa mtawala.

Haki hiyo haikuja upesi nje ya jukwaa. Mwanzoni mwa mwaka 1953 ilienea habari kwamba Gavana Carlos Gorgulho anataka kuwalazimisha Waforro kufanya kazi ya mkataba mashambani. Walipopinga, kuanzia tarehe 3 Februari mamia waliuawa, wengine wakateswa katika kambi ya Fernão Dias ufukweni. Mauaji hayo yanajulikana kwa jina la Batepá. Gavana aliwatumia baadhi ya wafanyakazi wa mikataba dhidi ya Waforro, na jambo hilo liliacha chuki kati ya watu waliokuwa wote chini ya mtawala mmoja. Mwenye kovu usidhani kapoa: tarehe 3 Februari ni siku ya maombolezo ya taifa hadi leo. Uhuru wa nchi ulipatikana tarehe 12 Julai 1975, na Septemba 30 mwaka huo mashamba makubwa yakataifishwa. Tangu miaka ya tisini ardhi yake imegawiwa wakulima wadogo, na baadhi yao sasa wamo katika vyama vya ushirika vya kakao isiyotiwa dawa za viwandani. Mavuno si kitu mbele ya yale ya zamani, lakini kakao ingali miongoni mwa mazao makuu ya kuuzwa nje.

Faida kwa walimu wa Kiswahili

Kwanza, tujifunze kuziheshimu krioli. Wareno waliziona kuwa Kireno kilichoharibika, na hata wenyewe walifundishwa kuona aibu. Kiswahili nacho kilipata kuitwa mchanganyiko wa Kiarabu na lugha za Kiafrika. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba Kiswahili si krioli: sarufi yake, ngeli zake na vitenzi vyake ni vya Kibantu, na maneno ya kigeni ni mgeni aliyekaribishwa ndani ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Lakini tusitetee Kiswahili kwa kuzidharau lugha nyingine. Kiforro nacho kina sarufi kamili, kama alivyoeleza mtaalamu Luiz Ivens Ferraz katika kitabu chake cha mwaka 1979. Kuzaliwa shambani mwa watumwa si kasoro ya lugha.

Pili, suala la kakao limo mlangoni mwetu. Wakulima wa Bundibugyo hapa Uganda, wa Kyela Tanzania, na wa Beni na Ituri huko Kongo, wanapasua matunda ya mkakao, wanavundika mbegu chini ya majani ya migomba na kuzianika juani, na wengi hawajawahi kuonja chokoleti ya dukani. Mwaka 2001 kampuni kubwa ziliahidi kuondoa kazi mbaya za watoto katika kakao ya Afrika ya Magharibi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watoto wapatao milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi katika kakao ya Ghana na Côte d'Ivoire. Hali zao si za serviçal, na si haki kuzichanganya. Wengi ni watoto wanaowasaidia wazazi maskini. Lakini swali alilolikwepa William Cadbury kwa miaka minane lingali pale pale: bei inayolipwa kwa mbegu inamwezesha mlimaji kuishi kama mtu huru?

Napendekeza basi zoezi moja kwa kidato cha tatu na kuendelea. Mwalimu aandike ubaoni maneno haya: mtumwa, mtumishi, kibarua, mwajiriwa, mkataba, huru. Wanafunzi wajigawe makundi, kila kundi lieleze kwa sentensi zake tofauti ya neno moja na jingine, kisha lipime ni neno gani lingemfaa Mwangola aliyekuwa São Tomé mwaka 1905, na kwa sababu gani. Baadaye wafanye mahakama ya darasani, kesi ile ile ya Birmingham, ila safari hii nafasi ya shahidi wa kwanza apewe mfanyakazi wa shamba. Nimejaribu zoezi hili na wanafunzi wangu. Mabishano juu ya neno mkataba peke yake yalichukua vipindi viwili, na wale waliokuwa wakisinzia wakati wa msamiati ndio waliozungumza zaidi.